Picha Isiyo na Mgongo

Mama Mkubwa hasifii kitambaa kabla ya kukigeuza. Ukimletea kazi yako, hata kama mbele imependeza namna gani, yeye anaipindua kwanza, anautazama mgongo: mafundo yako wapi, uzi umeruka wapi, wapi ulichoka ukaanza kulipua. "Mbele kila mtu anajipamba," huwa anasema. "Mimi nataka kujua huko nyuma ulikuwa unafanya nini."

Nimekulia kwenye vitambaa hivyo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na dada yake, ndiye huyu Mama Mkubwa, akanichukua, akaniketisha pembeni ya kiti chake na kopo la vifungo ili nitulie. Nilitulia mno, mpaka wakaniita Kimya. Shule niliishia ya msingi. Lakini kuhesabu nyumba za kitambaa nilijua kabla sijajua kuandika jina langu. Nyumba ni kile kimraba kidogo katikati ya matundu manne. Kila nyumba inaingia msalaba mmoja wa uzi, na picha nzima, iwe ua au ndege, ni misalaba tu iliyohesabiwa. Ukikosea nyumba moja huku juu, huko chini jani linaota nje ya tawi.

Wadarizi wa kikundi chake wako sita, pamoja naye. Kila Alhamisi alasiri wanakutana sebuleni kwetu, viti vinatolewa mpaka vya chumbani, wanadarizi na kusengenya kwa kipimo kilekile. Mkubwa wao kwa umri na kwa kazi ni Mama Mkubwa, wote amewafundisha yeye. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mnene, sauti kama kengele, wanamwita Mkasi kwa sababu akikukata kwa maneno hushoneki tena.

Mwaka juzi hospitali ilianza kujenga chumba kipya cha kusubiria wajawazito. Ramani ilionyesha ukuta mmoja mrefu usio na dirisha, na mganga mkuu akawaomba wadarizi kitu cha kuutundika. Wote wakasema kwa mdomo mmoja: Mama Mkubwa. Naye akakubali, akakata kitambaa kirefu kama mkeka, akaanzia kona ya juu, kwenye anga.

Mimi si msemaji, ila naona. Niliona anakipapasa kitambaa kwa kidole kabla ya kuchoma sindano. Niliona anasogeza kiti karibu na dirisha, kesho yake karibu zaidi, mwisho goti likagusa ukuta. Siku moja aliomba uzi wa kijani, nikampa.

"Kijani, Kimya. Siyo bluu."

Nikaurudisha koponi, nikakoroga koroga kidogo, nikautoa uleule.

"Haya, huu ndio," akasema.

Alipokwenda kuoga nilikipindua kitambaa. Mgongo ulikuwa umevurugika kama nywele za mtu aliyetoka kuumwa.

Nilimpeleka hospitali. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akasema atafanyiwa upasuaji, ila foleni ni ndefu, asubiri kuitwa. Tulipofika nyumbani Mama Mkubwa akakikunja kile kitambaa, akakifunga ndani ya shuka, akaniambia nikiweke juu ya kabati.

"Na Alhamisi wakiuliza?"

"Nitawaambia inakwenda."

Ikawa inakwenda kwa miezi minane. Alhamisi alishika sindano mkononi kama wenzake, lakini haikuwa na uzi, na yeye ndiye aliyekuwa anapiga soga kuliko wote ili wasimwangalie mikono. Hilo ndilo lililoniuma. Chumba cha hospitali kilikwisha, siku ya kufunguliwa ikapangwa, na mimi nikaona kabisa kitakachotokea: ukuta utakuwa mtupu, na mtu aliyewafundisha wote kushika sindano atasimama mbele yao kama mwongo. Kitambaa chake nisingeweza kukimalizia. Kile ni cha mwaka mzima kwa fundi wa kukaa nacho kutwa, na zaidi ya hapo, kwetu kazi ya mtu haiguswi na mwingine mpaka mwenyewe aseme.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Mwenye duka tunamwita Bwana Wino, kwa sababu vidole vyake havijawahi kuonekana rangi yake halisi. Alinifundisha kunakili, kubana vitabu kwa waya, kupiga chapa barua za watu. Mchana, shule zikishatoka, duka linapoa, na kompyuta ya pembeni inakaa bure. Kuna programu ya mahesabu mle ndani, ukiifungua unakuta vyumba vyumba vitupu, mstari chini ya mstari. Wenzangu wanaona mahesabu. Mimi mara ya kwanza kuiona nilisema moyoni: kumbe kitambaa.

Nikavibana vile vyumba vikawa mraba. Nikagundua kila kimoja unaweza kukipaka rangi. Basi nikaanza juu kwenye kona, kwenye anga.

Picha ilikuwa kamba ya nguo yenye nepi sita, zimebanwa kwa vibanio, zinapigwa na upepo. Niliichagua kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mama mpya anachokiona kila akichungulia dirishani. Na kila nepi niliipa pambo la mdarizi mmojawapo, maana kila mmoja ana lake. Mkasi ana matawi yake yaliyobanana, mwingine samaki, mwingine vikombe. Nilivijua vyote kwa kuangalia tu, miaka yote ile ya kopo la vifungo. Nyumba moja, rangi moja, kubonyeza kumoja. Miezi mitatu. Bwana Wino alikuwa akipita nyuma yangu anasimama.

"Kimya, bado upo kwenye nepi?"

"Ya tatu, bosi."

"Hata mtoto mwenyewe angekuwa ameshaacha kujikojolea."

Lakini alinilinda. Mteja akitaka kompyuta ile, anamwambia ina virusi.

Ilipobaki wiki mbili, nilichapa kipande kwenye karatasi nikakipeleka nyumbani. Nilimweleza Mama Mkubwa yote. Alikishika kile kikaratasi, akakisogeza mpaka puani, akakisogeza mbali. Hakuona kitu. Kisha akafanya kile anachokifanya siku zote: akakipindua. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Mgongo wake uko wapi?"

"Haina mgongo, Mama. Ni ya kompyuta."

"Basi sijui ulikuwa unafanya nini." Akanirudishia, taratibu, bila hasira. "Usihuzunike, mwanangu. Umenifikiria, nimeona. Lakini mimi siwezi kupeleka kitu cha mashine nikasema ni mkono."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi iliyofuata, Mkasi hakungoja hata kukaa.

"Mama, leo tunataka kuiona. Siku kumi zimebaki. Mganga mkuu ananiuliza kila tukikutana, mpaka nimeanza kupita njia ya nyuma."

Mama Mkubwa akaichomeka ile sindano isiyo na uzi kwenye kitakia chake cha sindano.

"Kimya. Teremsha kitambaa."

Nilipanda kwenye kiti, nikakishusha, nikamwekea mapajani. Akakifungua mwenyewe. Hakuwaonyesha mbele. Alikigeuza, akawatandazia mgongo mbele yao wote, na zile nyuzi zilizovurugika zikaning'inia.

"Sioni," akasema. "Tangu mwaka jana. Nimewadanganya, nisameheni."

Mkasi alikishika kitambaa pembeni akawa anakilazalaza kwa kiganja kama anamlaza mtoto. Mmoja akaanza kulia. Mama Mkubwa akamwambia, "Wewe nawe, nimepofuka nusu tu, sijafa."

Wakacheka wakilia. Hapo mimi ndipo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, maana Alhamisi zote huwa nasema "karibuni chai" na "kwaherini" tu.

"Mimi nina picha."

Nikaitoa ile karatasi, wakapokezana. Wa kwanza alisema, "Yesu, samaki wangu huyu!" Wa pili akatafuta vikombe vyake, akaviona. Mkasi akaitazama muda mrefu kuliko wote, kisha akavuta mdomo.

"Nzuri. Ila Kimya, tusidanganyane. Mpwa wangu anaiambia simu yake, nataka tembo aliyevaa suti, na huyo tembo anatoka kabla chai haijapoa. Na tai amefunga. Hiyo nayo tuite sanaa?"

"Mimi sikuiambia kompyuta kitu, Mama. Nilipaka nyumba mojamoja."

"Nitajuaje? Karatasi haisemi. Kitambaa nakipindua, nakuona. Hapa nimepindua, naona karatasi." Akakigeukia kiti cha Mama Mkubwa. "Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema iende, itakwenda. Ukisema ni tembo wa suti, ukuta ukae mtupu, tutaongea na mganga mkuu kwa adabu."

Mama Mkubwa aliniita, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa ananitazama mahali pa macho, ingawa najua alichokuwa anakiona ni ukungu wenye umbo langu.

"Ile kompyuta inaweza kuikuza?"

"Mpaka nyumba moja iwe kubwa kama kiganja, Mama."

"Basi twendeni."

Bwana Wino alipoona wanawake sita wanaingia kwa mstari, wa mbele ameshikwa mkono, alidhani amekosa kitu. "Karibuni, karibuni, msikanyage waya. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," Mkasi akamjibu. "Tumekuja kukagua nepi."

Walijibana kati ya mashine ya fotokopi na rafu ya mafaili. Nikamkalisha Mama Mkubwa kwenye kiti changu, nikafungua picha, nikaikuza, nikaikuza, mpaka skrini nzima ikawa nyumba chache tu, kila moja imejaa rangi yake, na mwanga unatokea ndani.

Akasogea. Akatoa kidole, akakigusa kioo.

"Hii kijani."

"Ndiyo, Mama."

"Hii bluu. Hii… siyo nyeupe hii, ni maziwa."

"Ndiyo."

Nyuma yangu mtu alipenga kamasi. Miezi minane hakuwa ametofautisha rangi, na sasa alikuwa anazitaja mojamoja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita majina ya watoto wake kuhakikisha wote wamerudi. Mimi nilikuwa nasogeza picha, naye anasoma. Nepi ya kwanza. Ya pili. Alipofika kwenye ya nne akasema, "Rudi." Nikarudi. "Shuka. Hapo. Simama hapo."

Ilikuwa kibanio.

"Vibanio vyote vina nyumba mbili kwa upana," akasema. "Hiki kina tatu. Umeficha nini hapa?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nilidhani hakuna mtu duniani atakayekiona.

"Nepi ya nne ilitoka na nyumba kumi na tisa, Mama. Zote nyingine zina ishirini. Nilihesabu vibaya, nikaja kugundua nimeshafika mwisho wa nepi ya tano. Nikanenepesha kibanio ili kamba isionekane imeruka."

"Kwa nini hukufumua?"

"Nilikuwa nimekwenda mbali. Ingekuwa wiki tatu za kazi."

Bwana Wino akajipiga kofi kwenye paji la uso, alama ya wino ikabaki. "Kimya! Wiki tatu za nini? Hii ni kompyuta! Unaikamata nepi nzima, unaisogeza hivi, sekunde moja! Hufumui kitu!"

Nilimtazama. Nawaambia kweli, halikuwahi kunijia. Nilijua kusogeza, nilikuwa nasogeza maneno ya barua za watu kila siku. Lakini kile mbele yangu kilikuwa kitambaa, na kitambaa hakisogezwi.

Mama Mkubwa alianza kucheka. Kicheko chake ni cha kimyakimya, mabega ndiyo yanayocheka. Akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la nguo yake.

"Mmeona?" akawaambia wenzake. "Mmemwona? Mbele ya mashine ya kufuta kila kitu, yeye ameficha kosa kwa kibanio. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia akiwa na miaka saba, ukichelewa kuliona, livalishe nguo."

"Tembo wa suti hana kibanio kinene," akasema mama wa samaki.

Mkasi alikuwa ameinama hadi pua karibu iguse kioo, anahesabu kwa midomo. Alifika kumi na tisa. Akahesabu tena. Alipoinuka alisema, "Haya. Mkono nimeuona." Halafu, kwa kuwa hawezi kuacha kitu kikapita bure, "Lakini matawi yangu umeyanenepesha. Mimi sishoni manene hivyo."

"Unashona manene hivyohivyo," Mama Mkubwa akamwambia. Kisha akawa makini. "Sikilizeni. Hii si darizi, na tusiiite darizi, tutawadanganya watu. Hakuna uzi. Lakini kuna mtu humu ndani, amekaa, amehesabu, amekosea, ameona aibu. Kwangu hiyo ni picha. Ni kazi. Itakwenda ukutani na jina lake."

Nikasema, "Bado haijaisha."

"Imebaki nini?"

Nikasogeza hadi nepi ya sita. Ilikuwa nyeupe tupu, haina hata doa.

"Hii ni ya kwako. Nilijaribu yule ndege wako, nikafuta. Nikajaribu tena. Sikuweza kukugusa, Mama. Sikuwa nimeomba ruhusa."

Bwana Wino aliondoka akaenda kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mama Mkubwa akanyoosha mkono juu ya meza, anapapasa. "Kile kidude unachoshika ni kipi?"

Nikampa mausi. Mshale ukakimbilia kona, ukapotea. "Amekwenda wapi huyu?" Nikaweka mkono wangu juu ya wake, mfupa juu ya mfupa, tukamrudisha. Akabonyeza. Nyumba moja ikageuka nyekundu.

Akabonyeza ya pili.

Alikuja dukani siku saba mfululizo. Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa juu ya wake, siku ya pili nilikuwa nashika kiti tu, siku ya tatu alinifukuza niende nikahudumie wateja. Nilikuwa nanakili vyeti vya watu huku namsikia anaongea na rangi. "Njoo wewe. Hapana, si wewe." Akikosea, Bwana Wino anamwambia, "Mama, bonyeza hapa inarudi nyuma," naye anamjibu, "Unisaidie nini, kukosea kwangu au kuhesabu kwangu? Kakae." Ndege alitoka. Mkia wake ni mfupi kuliko ule wa kwenye vitambaa, na sikuuliza kwa nini.

Bwana Wino aliichapa kwenye mashine yake ya mabango, kwenye turubai laini, urefu wa ukuta mzima. Mkasi na mdarizi mwenzake mmoja walipiga misumari, wakagombana ni nani amepindisha. Siku ya kufunguliwa mganga mkuu alitushukuru kwa "darizi nzuri," na Mama Mkubwa alimsahihisha mbele ya wageni wote.

Mwezi uliopita Mama Mkubwa aliitwa kwa upasuaji wa jicho la kulia. Mlango wa kliniki ya macho uko mwisho wa korido, unapita kwanza kwenye chumba cha wajawazito. Kulikuwa na mama mmoja amekaa chini ya picha, tumbo limemfika magotini, anaitazama huku anajipepea kwa kadi ya kliniki. Alipotuona tumesimama akauliza kama kusalimu tu, "Jamani, hii nani katengeneza? Naihesabu tangu asubuhi, inanisahaulisha mgongo unaouma."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema ni wadarizi.

"Binti yangu," Mama Mkubwa akasema, akaninyooshea kidole, ingawa alinikosa kidogo akamnyooshea mlango. "Huyu. Mimi nimetia nepi moja tu."

Yule mama akanitazama, kisha akaitazama picha, kisha mimi tena. Akasogea kwenye benchi kutupa nafasi. Tukakaa, Mama Mkubwa katikati, tukawa tunangoja kuitwa.